Jaketi la Saba

Thora ananihesabia: sita chumbani,
na mjukuu wetu analala kwenye kochi sebuleni.
Majaketi yana kitanda, anasema, mtoto hana.
Sijibu. Nafungua dirisha kidogo ngozi zipumue,
napangusa kola kwa kitambaa kikavu,
nasaka nondo manyoyani kama mama asakaye chawa.

Nayajua kwa mishono.
Ya mwanzo wa vita mgongo wake ni kipande kimoja,
kondoo mzima amejinyoosha.
Kadiri vita vilivyoendelea ngozi ziliadimika,
wakaunga viraka, kiganja hapa, kiganja pale,
hata ukilishika la mwaka wa arobaini na nne
unaigusa njaa ya nchi kwa kidole.
Zipu za shaba. Mshipi kiunoni. Mfuko hakuna hata mmoja:
huko juu, kwenye baridi ya kugandisha mate,
ungeweka nini?

La saba nililifuata mwezi wa Februari
shambani kwa Bi Enid Garfoot, nje ya Horncastle,
njia tope tupu, gari langu likilia.
Lilikuwa zizini, limetundikwa msumarini,
mkono mmoja umeliwa na panya,
mgongo umekauka ukapasuka.
Marehemu mumewe alilipata kwenye mnada wa mitumba ya jeshi,
akalivaa kukamulia ng'ombe miaka thelathini.
Ndani ya kola, wino: PASK. Umekatwa mstari.
Chini yake: OLLERENSHAW. Umekatwa mstari.
Chini yake tena hakuna jina,
ni mstari tu, kana kwamba mwenye kalamu
alikata kabla hajaandika.

Husemwa kufa kikondoo ndiko kufa kiungwana.
Aliyesema hakuwahi kukaa mkiani mwa ndege
usiku, na bunduki, kinyumenyume,
akitazama saa nane nzima kule alikotoka.

Bei tulikuwa hatujapatana
alipoinama ghafla kwenye kona ya zizi.
Kondoo jike, amefiwa alfajiri ile ile.
Bi Enid, miaka themanini na miwili, kisu mkononi,
alimchuna yule mfu mdogo kama mtu avuaye soksi,
akatoboa matundu manne ya miguu,
akamvika ngozi hiyo yatima wa kondoo mwingine.
Yatima akasimama, koti limempwaya,
mikono imemzidi.
"Subiri," akaniambia.
Mama akamnusa. Akamnusa tena, mkiani.
Akatoa sauti ya chini kooni,
akamwachia kiwele.

Nililipa bila kuomba nipunguziwe.

Baba yangu hakuruka. Alikuwa mtu wa chini,
mpakia mabomu, koti la mvua, glavu zimetoboka vidoleni.
Jaketi kama hili alilishika mara moja tu,
alipomsaidia kijana mmoja kulifunga zipu
kwa kuwa mikono ya kijana ilikuwa ikitetemeka.
Hayo aliyasema siku moja akinyoa ndevu, hakuyarudia.
Alizihesabu ndege zikiondoka, akazihesabu zikirudi,
ile tofauti akaenda nayo kaburini.
Kila nilipomwuliza, aliwasha redio.

Mwezi mzima nimelipaka mafuta, kidogo kidogo,
ngozi haipendi pupa.
Mkono ulioliwa nimeutia kiraka kisichofanana;
wakusanyaji wenzangu watanicheka, na wacheke.
Jina la tatu sijalitafuta.

Leo nimelivaa. Thora amenifunga mshipi, akaziba pua:
"Unanuka zizi, mume wangu."
Nimetembea mpaka uliokuwa uwanja wa ndege,
sasa mabanda ya kuku na shamba la bitiruti.
Njia ya kurukia imebaki kipande,
nyasi zimetoka kwenye nyufa, na buti moja la mtoto
sijui la nani.

Limenipwaya mabegani.
Nasimama pale walipokuwa wakisimama wa chini.
Upepo unatoka upande wa bahari,
unapanda kifuani, unaingia kolani,
unaninusa.
Unaninusa tena.